Karanga za Kongwa, Shilingi za Thika

Mapema mwaka 1947 msafara wa kwanza wa Waingereza ulipiga kambi Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Lilikuwa pori la miiba na mibuyu, maji yake ya shida, na bandari ya kutegemea ilikuwa Dar es Salaam, mwisho wa reli moja tu. Wageni hawa hawakuja kuwinda wala kuhubiri. Walikuja kulima karanga, na hesabu waliyoibeba ilikuwa ya kutisha: zaidi ya ekari milioni 3 zisafishwe na kupandwa ndani ya miaka 6, nyingi zikiwa Tanganyika na zilizobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ukizikusanya ekari hizo mahali pamoja, utapata kisiwa cha Unguja mara saba na zaidi.

Miaka 58 baadaye, Oktoba 2005, watu wasiozidi 500 huko Nairobi na Thika waliwekewa huduma mpya kwenye simu zao za mkononi ili waijaribu. Hapakuwa na matrekta wala hotuba bungeni. Walikuwa wakopaji wadogo wadogo, watu wa biashara za mtaani, walioambiwa kwamba sasa wanaweza kurejesha mikopo yao kwa kubonyeza simu.

Fedha za kuanzisha mambo haya mawili zilitoka Uingereza, na yote mawili yaliahidi kuwainua Waafrika. La kwanza lilimeza pauni milioni 36 na kuacha vyuma chakavu porini. La pili likawa M-Pesa. Waliopanga Kongwa hawakuwa wajinga, na waliopanga Thika hawakuwa watabiri. Hawa wa pili nao walikosea, kama tutakavyoona. Ukiifuatilia tofauti yao hadi kwenye mzizi, unakuta jambo dogo: nani aliruhusiwa kusema hapana, na aliisema lini.

Wiki tisa

Uingereza ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa mshindi mwenye njaa. Siagi, mafuta ya kupikia, hata sabuni, vyote vilipatikana kwa mgawo. Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliijua biashara ya karanga kwa sababu kampuni yake ilizinunua Afrika Magharibi kwa wakulima wadogo. Machi 1946 alipeleka wazo serikalini. Ikiwa mkulima wa jembe la mkono anaweza kutoa karanga zote hizi, je, trekta litatoa ngapi?

Swali lilikuwa zuri. Kilichoharakishwa ni jibu. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walitumia wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoikagua waliiona kutoka kwenye ndege. Septemba 1946 taarifa yao ilikuwa tayari: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Kufikia Novemba serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mpango utatekelezwa. Kati ya wazo la Samuel na uamuzi wa serikali ilipita miezi minane tu, na katika miezi hiyo hakuna msimu hata mmoja wa karanga uliopandwa Kongwa ili kuona zitaotaje.

Kutoka angani pori la Kongwa lilikuwa na sifa moja kubwa: lilikuwa tupu. Watu walikuwa wachache, vijiji vya kuhamisha vilikuwa vichache. Kwa mpimaji hiyo ilikuwa nafasi. Kwa mwenyeji, mahali pasipokaliwa na watu pana sababu ya kutokaliwa. Wagogo walikuwa wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, mazao yanayovumilia kiangazi, na walijifunza kuishi na mvua isiyoaminika kwa gharama kubwa. Kati ya 1917 na 1920 wengi wao waliuawa na njaa waliyoiita Mtunya. Mgogo wa miaka 40 mwaka 1946 alikuwa ameiona njaa hiyo kwa macho yake. Kumbukumbu yake ndiyo ilikuwa takwimu ya mvua iliyo karibu kuliko zote, na haikuhitaji ndege. Ilihitaji mtu wa kukaa chini ya mbuyu na kuuliza.

Lingewezekana jaribio dogo: ekari mia chache, misimu miwili au mitatu, kisha uamuzi. Hoja ya kulipinga ilikuwa haraka. Watu wanataka mafuta sasa, tutasubirije miaka mitatu? Ndivyo hoja ya haraka ilivyo: haimwambii mtu kwamba jaribio halina maana, inamwambia tu kwamba hana nafasi nalo.

Basi matrekta yakaja. Mengi yalikuwa mitumba ya vita, na baadaye hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam na reli yake havikujengwa kwa mzigo wa namna ile. Mizizi ya pori ikavunja majembe. Kisha udongo wenyewe ukasema neno lake: ulikuwa na chembe ngumu zilizokula vyuma, na mvua ilipokatika uligeuka mgumu kama saruji. Karanga, tofauti na mtama, huzaa chini ya ardhi. Kupanda ni nusu ya kazi. Lazima uzichimbue, na hapo ndipo ardhi ya Kongwa ilipokataa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Ukame uliofuata ukamaliza mjadala. Januari 1951 serikali ya London iliufuta mpango, na pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa zimepotea.

Tukiwa wakweli, Kongwa lilikuwa jaribio pia. Liliuliza kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashine katika Ugogo, na likajibiwa wazi. Kasoro ni kwamba jaribio lenyewe lilifanywa kwa bei ya mradi mzima. Mpishi anayejua kazi yake hudondosha mchuzi kiganjani akauonja wakati chumvi na maji bado vinaweza kuongezwa. Waliopanga Kongwa walionja sufuria ikiwa mezani, wageni wamekwisha kukaa.

Na tuangalie walichokuwa na uhakika nacho. Soko halikuwa na shaka. Kila mama wa nyumbani Uingereza alitaka mafuta. Mitaji ilikuwepo, mashine zilipatikana. Shaka yote ilikuwa kwenye udongo na mvua, yaani kwenye kitu kimoja ambacho vingine vyote vilikitegemea, na hicho ndicho kilichoonwa kutoka angani. Mtu anayetaka kuanzisha biashara huwa hivyo mara nyingi. Hupima anachokijua, kwa sababu kupima unachokijua kunafurahisha, na kile kinachomtia hofu hukiruka juu kwa ndege.

Wazo lililotoka tena Uingereza

Mwaka 2003 Nick Hughes, aliyekuwa akifanya kazi Vodafone nchini Uingereza, alikuwa na swali lake: simu ya mkononi ingeweza kufanya nini kwa watu wasio na benki? Idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa ilikuwa na mfuko uliogawa fedha kwa makampuni yenye mawazo ya aina hii, kwa sharti kwamba kampuni nayo itie mkono mfukoni. Vodafone ilipata karibu pauni milioni 1, ikaongeza kiasi kama hicho. Jumla ilikuwa takriban pauni milioni 2. Kwa Kongwa fedha hizo zisingetosha hata kuanza.

Kenya ilifaa kwa sababu Vodafone ilikuwa na hisa katika Safaricom, na Safaricom chini ya Michael Joseph ilikuwa imekwisha kuifanya simu kuwa kitu cha mtu wa kawaida. Benki hazikuwa zimefika huko. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2006 kuhusu matumizi ya huduma za fedha ulionyesha kwamba chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa mteja wa benki. Waliobaki walikuwa na vyama vya kuweka na kukopa, vikundi vya merry-go-round, kibubu, godoro, na ndugu.

Wazo la awali halikuwa kutuma pesa. Lilikuwa mikopo. Mashirika ya mikopo midogo yalifanya kazi kwa vikundi: wanachama hukutana kila wiki, kila mmoja analeta rejesho lake, pesa zinahesabiwa, na mtu anakwenda kupanga foleni benki kuziweka. Ni kazi ya noti chakavu na muda mwingi. Ikiwa mkopo ungetolewa kwa simu na kurejeshwa kwa simu, shirika lingehudumia watu wengi zaidi kwa gharama ndogo, hata vijijini. Kwenye karatasi mantiki hiyo haikuwa na ufa.

Mwaka 2005 Vodafone ilimpeleka Nairobi Susie Lonie, mtaalamu wa biashara kwa njia ya simu. Wabia wakapangwa: Safaricom yenye mtandao na maduka ya mawakala, Commercial Bank of Africa ya kushika fedha, na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, la kutoa wateja. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia huko Cambridge. Menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe, ili hata simu ya bei ya chini kabisa iweze kuitumia, na ilisomeka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Wangeweza kufungua nchi nzima tangu siku ya kwanza. Walichagua sehemu tatu: katikati ya jiji la Nairobi, mtaa wa Mathare, na mji wa Thika. Zilichaguliwa zisifanane. Katikati ya jiji ni mahali pa maofisi na vituo vya matatu. Mathare ni mtaa wa mabanda ambako pesa ni kidogo na inazunguka kila siku. Thika ni mji wa soko na viwanda, mwendo wa kama saa moja kutoka Nairobi. Tarehe 11 Oktoba 2005 jaribio likaanza.

Wateja wanaofundisha

Siku za mwanzo zilikuwa za kufundisha. Wengi wa wateja walizoea kupiga na kupokea tu. Menyu ndani ya menyu ilikuwa safari mpya, na namba ya siri lilikuwa jambo la kusahaulika. Waliohusika na mradi ndio waliopokea simu za wenye shida, na hilo, ingawa lilichosha, lilikuwa na faida ambayo ripoti ya kurasa mia haina: waliobuni menyu walimsikia mtu aliyekwama ndani yake.

Kisha mambo mawili yakaanza kujitokeza kwa wakati mmoja.

La kwanza, mikopo ilikwama. Kwa mteja kurejesha ilikuwa rahisi, lakini vitabu vya Faulu havikuunganishwa na mfumo mpya. Kila rejesho lililoingia kwa simu ilibidi lisomwe na kuingizwa upya kwenye hesabu za shirika kwa mkono. Kazi ikaongezeka badala ya kupungua. Tena kikundi cha mikopo si foleni ya kulipa tu. Watu hukutana, huulizana hali, humkagua aliyechelewa. Dhamana ya mkopo ni macho ya wenzako. Mwanachama anayelipa akiwa kwake hana sababu kubwa ya kuja mkutanoni, na kikundi kisichokutana hulegea. Kwenye shirika lenye jina la Faulu ndiko wazo la awali lilikoshindwa kufaulu, na si kwa uzembe wa mtu. Wazo lilidhani kwamba tatizo la mikopo ni usafirishaji wa noti.

La pili, wateja walikuwa wakifanya mambo ambayo hakuna aliyewaambia wayafanye. Hughes na Lonie waliyasimulia wenyewe katika makala ya mwaka 2007. Watu walinunua kredo, yaani muda wa maongezi, kwa M-Pesa na kuwatumia jamaa wa mashambani, ambao nao waliiuza huko. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka mauzo ya siku jioni na kuyatoa asubuhi, wakaifanya simu kuwa sefu ya usiku. Wapo walioweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasitembee na noti njiani. Mwanamke mmoja, mumewe alipoibiwa, alimtumia pesa kwa simu ili apate nauli ya basi ya kurudi nyumbani.

Hapa ndipo historia hii ilipogeuka. Mbele ya wenye mradi palikuwa na karatasi mbili. Moja ilisema kwamba lengo lililofadhiliwa halikwenda vizuri. Nyingine ilisema kwamba wateja walikuwa wamelipita lengo hilo na kwenda kwingine. Ingewezekana kuichukua karatasi ya pili kama utovu wa nidhamu: wafunzwe upya, waelezwe kwamba huduma hii ni ya mikopo. Kongwa ndivyo ilivyofanya na udongo, ulipokataa uliletewa mashine nzito zaidi. Wenye mradi wa Thika walifanya kinyume. Waliiweka mikopo pembeni na kuuliza ni jambo gani moja, kati ya yote haya, ambalo kila mtu analielewa bila kufundishwa.

Jibu lilikuwa linapita mbele yao kila Ijumaa jioni kwenye vituo vya mabasi. Kenya ni nchi ya watu wanaofanya kazi mjini na kuwa na nyumbani kwingine: baba yuko Nairobi, mama na watoto wako Kakamega, kijana yuko Mombasa, wazazi wako Machakos. Pesa za ada, za mbolea, za matanga, zilisafiri na dereva wa basi, au kwa posta, au mfukoni mwa jamaa anayekwenda, ambaye mara nyingine alifika na pesa pungufu na hadithi ndefu. Kila familia ilikuwa na hasara yake ya kusimulia. Ilikuwa shida ya zamani, ya kila mtu, na yenye bei inayojulikana, kwa sababu watu walikuwa wakiilipia tayari.

Swali lisilojibiwa kwa dodoso

Mtu anaweza kusema: si wangeuliza tu? Wangepita na dodoso Mathare, wangeandika kwamba watu wanataka kutuma pesa nyumbani, wangeokoa muda.

Labda. Lakini fikiria mahojiano yenyewe. Mgeni mwenye kitambulisho shingoni amebisha hodi, amekaribishwa kiti, ameuliza: je, ungependa kurejesha mkopo wako kwa simu? Adabu ya kwetu inajua jibu la kumpa mgeni aliyekuja kwa heshima. Ndiyo, lingekuwa jambo zuri sana. Ataandika asilimia kubwa ya ndiyo, atashukuru, ataondoka, na hakuna aliyesema uongo. Swali lilikuwa juu ya kitu ambacho hakikuwepo, na kukubali kitu ambacho hakipo hakugharimu chochote.

Shilingi ya mtu mwenyewe haina adabu hiyo. Mama anayeweka mauzo yake ya siku kwenye simu, halafu asubuhi akayatoa kununua bidhaa, amejibu swali ambalo halikuwemo kwenye dodoso: anaiamini simu kuliko anavyouamini mlango wake. Mwenye mradi hakulijua swali hilo, kwa hiyo asingeweza kuliuliza. Dodoso hujibu ulichofikiria. Jaribio hujibu na usichofikiria. Utafiti wa 2006 uliohesabu wasio na benki ulionyesha ukubwa wa uwanja, na bila huo watu wangekisia. Uliobaki ni mchezo wenyewe, na mchezo haujulikani kwa kupima uwanja.

Tuma pesa nyumbani

Tarehe 6 Machi 2007 huduma ilifunguliwa Kenya nzima. Ahadi ilikuwa fupi kiasi cha kuenea kwa mdomo: tuma pesa nyumbani. Mapema mwaka huo Benki Kuu ya Kenya, iliyohusishwa katika mazungumzo kabla ya kufunguliwa, ilikuwa imeandika kwamba haina pingamizi. Bei zilikuwa rahisi kukariri. Kuweka pesa hakukuwa na ada. Kumtumia mtu aliyesajiliwa ilikuwa shilingi 30, uwe umetuma mia tano au elfu kumi. Aliyetuma na aliyetumiwa walipata ujumbe mfupi papo hapo, na ujumbe ule ulifanya kazi ambayo noti iliyokuwa kwa dereva haikuweza kuifanya: uliondoa wasiwasi wa kusubiri.

Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamevuka milioni 1. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofunga maduka na benki, watu waliokwama katika mitaa ya Nairobi walitumiwa pesa na kredo na jamaa zao, na huduma iliyozaliwa kwa ajili ya nyumbani ikatumika kurudisha fadhila mjini. Kufikia Machi 2010 wateja waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 9.

Tusilifanye jaribio kuwa muujiza. Watu 500 hawawezi kukuonyesha kila kitu. Hawakuonyesha itakuwaje wakala wa mji mdogo anapoishiwa noti mwisho wa mwezi kwa sababu mji mzima umetumiwa pesa na kila mtu anataka kutoa, huku mwenzake wa jijini, ambako kila mtu anaweka, akiishiwa floti, yaani pesa za kwenye simu. Hayo yalijulikana njiani na kurekebishwa njiani. Safaricom pia ilikuwa na wateja wengi wa simu kuliko washindani wake, na hiyo ni bahati ambayo jaribio haliinunui. Lakini kampuni iliyokwisha kubadili wazo lake lote mara moja kwa sababu ya wateja 500 ilikuwa imejizoesha. Kubadili bei au kumfundisha wakala upya haikuwa aibu tena.

Mlango wa jirani

Historia ingeishia hapo, kila mmoja angeondoka na somo jepesi: jaribu, kisha panua. Iliyobaki ni ngumu kidogo.

Aprili 2008 kampuni ya simu ya Vodacom ilifungua M-Pesa Tanzania. Jina lilelile, lugha ileile, mpaka mmoja. Mwanzo ulikuwa wa polepole mno ukilinganisha na Kenya. Nchi ni kubwa, watu wametawanyika zaidi, mawakala walikuwa wachache na mbalimbali. Mkenya alijisajili kwa kipande chake, yaani kitambulisho cha taifa. Tanzania wakati huo haikuwa na kitambulisho cha taifa mkononi mwa kila mtu. Ilibidi mtandao wa mawakala ujengwe kwa mtindo mwingine na bei zitazamwe upya, ndipo huduma ikashika. Leo Mtanzania anatuma pesa kwa simu bila kufikiri, lakini njia aliyofikia hapo haikuwa ya Thika.

Afrika Kusini somo lilikuwa kali zaidi. Vodacom na benki ya Nedbank walifungua M-Pesa huko mwaka 2010 kwa lengo la wateja milioni 10 katika miaka 3. Lakini Afrika Kusini watu wengi walikuwa na akaunti za benki, mashine za kutolea pesa zilikuwa karibu, na maduka makubwa yalikuwa yakituma pesa tayari. Mtu wa Johannesburg mwenye mama yake Eastern Cape alikuwa na shida ileile ya Mkenya, ila alikuwa na majibu matatu mfukoni kabla M-Pesa haijafika. Huduma ilijaribiwa upya mwaka 2014, haikushika, na tarehe 30 Juni 2016 ilifungwa.

Ushindi wa Kenya uligeuka kuwa ndege nyingine ya Wakefield. Ukiwa juu yake, Afrika Kusini ilionekana kama uwanda mpana wenye simu nyingi. Hakukuwa na mtu wa kukataa kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kuona takwimu za Nairobi. Jaribio la mwenzio ni habari njema. Halikuambii udongo wako ukikauka utakuwaje. Na hili linawahusu zaidi waliowahi kufanikiwa, kwa kuwa mwenye njaa huuliza njia, aliyewahi kufika hudhani anaijua.

Kwa hiyo tusiseme kwamba Waingereza wa 1946 walikuwa na kiburi cha kikoloni na hadithi ikaisha. Kiburi kilikuwepo, na kilimfanya Mgogo asiulizwe kuhusu mvua ya kwao. Lakini haraka, takwimu nzuri na lengo kubwa lililokwisha kutangazwa hadharani vinaweza kumziba mtu masikio hata akiwa hana koloni. Mara baada ya kutangaza ekari milioni 3, hapana yoyote inageuka usaliti. Kwa wateja 500, hapana ni habari tu.

Kongwa haikufa. Sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo wangeitaja mapema kama wangeulizwa. Miaka ya 1960 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Leo ni makao makuu ya wilaya, na siku ya mnada utawakuta wanunuzi wa ng'ombe waliotoka mbali. Bei ikishakubaliwa mnunuzi hafungui tena bahasha ya noti hadharani. Anatoa simu, anabonyeza, anasubiri. Muuzaji, mzee mmoja, naye anatoa yake na kuusoma ujumbe taratibu, jina na kiasi, halafu anausoma tena. Ng'ombe haachiliwi mpaka huyo mzee aliyekaa chini ya mti ameridhika na alichokisoma.